KUKU AKOROMAPO: NAMNA YA KUPAMBANUA UGONJWA

Kuku mzima hupumua kwa mdomo uliofumbwa, wala pumzi zake hazisikiki. Basi ukimsikia akikoroma au akikohoa, jua ya kuwa njia ya pumzi ina dhara. Lakini sauti peke yake haikuambii ni ugonjwa gani. Yakupasa kuchungua mambo mengine pamoja nayo.

Wakati wa jua kali kuku hutweta na kutanua mbawa ili ajipoze. Akitulia kivulini, si mgonjwa.

Usiku, kuku wakiisha kulala, nenda bandani polepole usikilize. Wakoromao ni wangapi? Mtenge kila mgonjwa, na asubuhi mfunue mdomo mahali penye nuru. Tazama haya:

1. Utando wa manjano kinywani, na vigaga juu ya upanga wa kichwani au kando ya macho: ni ndui. Usiubandue utando kwa nguvu, maana damu itatoka na kidonda kitazidi.

2. Uso umevimba, na kamasi zanuka: ni mafua ya kuku. Bwana Mifugo aweza kukupa dawa.

3. Hana kamasi wala uvimbe, bali anyoosha shingo, apanua mdomo na kutikisa kichwa. Na hasa akiwa kifaranga: ni minyoo ya koo. Minyoo hii ni myekundu, nayo hushika ndani ya koo la pumzi. Kuku huipata kwa kula nyungunyungu na konokono. Dawa ya minyoo itamfaa.

4. Wakoromao ni wengi kwa ghafula, mavi ni ya kijani, mbawa zimelegea, shingo zapinda, na wengine wamekwisha kufa: shuku mdondo, uitwao pia kideri.

Mdondo hauna dawa. Ulitambuliwa mwaka 1926 karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, na kwa hiyo wataalamu huuita kwa jina la mji huo. Kinga yake ni chanjo. Chanjo iitwayo I-2 hutiwa tone moja katika jicho la kuku asiye mgonjwa, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Kumchanja aliyekwisha kuugua hakumponyi.

Watu wengi, waonapo kuku wakikoroma, huwakimbiza sokoni ili waokoe fedha kidogo. Tendo hili ndilo lipelekalo mdondo kijiji hata kijiji, na mwisho humrudia muuzaji mwenyewe. Usiuze, usigawie ndugu, wala usichinje. Kwa maana mafua makali ya ndege hufanana na mdondo, nayo huweza kumpata mtu. Mwarifu Bwana Mifugo siku ile ile. Waliokufa wachome moto au uwafukie chini sana, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Mwenye kusikiliza banda lake kila usiku huujua ugonjwa ungali kwa kuku mmoja.