Kuungama kabla ya Komunyo: somo kwa wale wanaorudi katika dini

Asubuhi ya Pasaka, baba mmoja alirudi katika kanisa alimobatizwa. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu alipoacha Misa. Alikuwa amesali mahali pengine kwa muda, kisha akaacha hata huko. Siku hiyo alikuja kwa ajili ya binti yake, aliyekuwa anapokea Komunyo ya kwanza. Mtoto alikuwa amemwuliza nyumbani: «Baba, tutapokea pamoja?» Saa ya Komunyo ilipofika, mdogo wake aliyeketi karibu alimnong'oneza: «Simama, kaka. Mungu anaona moyo.» Baba yule alisimama. Alitazama meza ya Bwana, akamtazama binti yake. Kisha akaketi tena, na machozi yakamtoka.

Je, alifanya vema? Na ikiwa alifanya vema, alipaswa kufanya nini baadaye?

1. Chakula cha wazima

Katika Ekaristi Takatifu Kristu mwenyewe yumo kweli, mwili na damu, roho na umungu. Ndiyo maana Mtakatifu Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 11, anaonya kwamba mwenye kula mkate huo pasipo kustahili anajipatia hukumu. Kwa hiyo kila mtu ajipime kwanza. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, uliamuru kwamba mwenye dhambi ya mauti aungame kabla ya kukomunika, hata kama anafikiri kwamba majuto yake ni makubwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inashika amri ileile katika kanuni ya 916.

Amri hiyo si ukali. Komunyo ni chakula, na chakula hupewa mtu mwenye uzima. Dhambi ndogo haiui uzima wa roho, na Komunyo yenyewe ni dawa yake. Lakini dhambi ya mauti huondoa neema ya utakaso. Mfu hawekewi chakula mdomoni, kwanza afufuliwe. Sakramenti ya Kitubio ndiyo inayomfufua.

2. Mungu anaona moyo, naye ameweka njia

Mdogo wake yule baba alisema kweli: Mungu anaona moyo. Lakini Mungu huyo aliyeona mioyo ndiye aliyewapa Mitume uwezo wa kuondoa dhambi, jioni ya siku ya ufufuko, kama asimuliavyo Mtakatifu Yoane katika sura ya 20. Hakutoa uwezo huo ili ukae bure.

Mfano wa mwana mpotevu, katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, unaonyesha utaratibu wenyewe. Kijana alijuta moyoni kule alikochunga nguruwe, lakini hakukaa huko. Aliondoka, akafika kwa baba yake, akasema kosa lake kwa kinywa. Baba alikuwa amemwona tangu mbali, akamkimbilia. Kisha likaja vazi, pete na viatu. Na mwishoni karamu. Vijijini pia watu wanajua jambo hilo. Aliyemtukana baba yake harudi na kutia mkono katika sahani kana kwamba hakuna neno. Kwanza maneno yatengenezwe, ndipo wale pamoja.

Anayerudi habatizwi tena. Alama ya Ubatizo haifutiki rohoni, hata kama mtu alikaa miaka 40 mbali na kanisa. Yeye ni mwana bado. Anahitaji kupatanishwa tu. Ikiwa aliikana dini au alijiunga na kundi jingine, amwambie padri waziwazi, naye atamwonyesha yapasayo.

3. Namna ya kuungama baada ya miaka mingi

Mambo matano yanatakiwa: kutafuta dhambi, kujuta, kukusudia kutozirudia, kuungama kwa padri, na kutimiza malipizi.

Katika kutafuta dhambi, mtu afuate amri za Mungu na za Kanisa moja moja, akikumbuka mahali alipoishi, kazi aliyofanya na watu aliokaa nao. Dhambi za mauti zote anazozikumbuka aziungame, kwa aina na kwa hesabu. Asipoijua hesabu, aseme kadiri awezavyo: kila juma, mara nyingi kwa mwaka, au mara moja tu. Mungu hadai hesabu ya karani, anadai ukweli. Aliyesahau dhambi pasipo kusudi amesamehewa pia, ila akiikumbuka, aitaje katika maungamo yanayofuata. Lakini anayeficha dhambi ya mauti kwa haya haondolewi hata moja. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Wengi huogopa kwa sababu wamesahau sala za maungamo. Hofu hiyo haina msingi. Inatosha kuanza hivi: «Padri, sijaungama tangu miaka 12. Naomba unisaidie.» Padri atamwongoza kwa maulizo.

Wengine humwonea haya padri wanayemjua, hasa aliye mtoto wa nchi yao. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Stefano Kaoze alipewa Upadri, wa kwanza katika Kongo ya wakati wa Wabelgiji. Tangu hapo Mkongo aliweza kuungama kwa Mkongo mwenzake. Nguvu ya kuondoa dhambi ni ileile, kwa kuwa inatoka kwa Kristu. Na siri ya maungamo inamfunga kila padri: hawezi kuifunua kwa neno wala kwa ishara, hata mbele ya hakimu, hata kwa kuokoa maisha yake.

Makusudi ya kweli yana matendo. Mwizi arudishe mali, mwenye chuki atafute amani. Anayekaa na mke pasipo Ndoa ya Kanisa, au na wake wawili, aende kwa padri kwanza watengeneze jambo hilo, kwa maana hakuna maondoleo pasipo nia ya kuacha dhambi. Wakati wa kungoja asikate tamaa. Asali, asikilize Misa, amwombe Bwana aje rohoni mwake kwa Komunyo ya tamaa.

4. Padri akiwa mbali

Tarehe 1 Januari 1962, huko Kongolo, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa. Katika saa kama hizo, Mkristu asiye na padri hakuachwa na Mungu. Majuto makamilifu, yaani kujuta kwa sababu ya kumpenda Mungu kuliko vyote, huondoa hata dhambi ya mauti, pamoja na nia ya kuungama mara iwezekanapo. Na sheria inakubali kwamba, penye sababu kubwa na pasipo njia ya kuungama, mtu aweza kukomunika akiwa na majuto hayo na nia hiyo. Lakini kumwonea padri haya si kukosa njia.

5. Kazi ya walimu na ya jamaa

Mwalimu asimsukume mtu kwenda Komunyo, wala asimwulize kwa nini amebaki kitini. Jamaa wasimtazame kwa dharau. Wamwombee, wamsindikize hadi misioni, wamjulishe saa ya maungamo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa baba yule. Jioni, mwalimu mzee alikuja kwake, hakumlaumu. Alisema tu: «Mwanangu, Jumamosi padri anaungamisha. Nitapita hapa, twende pamoja.» Baba alikwenda, akakaa muda mrefu, akatoka uso ukiwa mwepesi. Jumapili iliyofuata, binti yake alipiga magoti mezani pa Bwana, na baba yake kando yake.

Maulizo

Mwenye dhambi ya mauti afanye nini kabla ya kukomunika?
Aungame kwa padri na kupata maondoleo.

Aliyeacha dini akarudi, abatizwe tena?
Hapana. Ubatizo ni mmoja; apatanishwe kwa Kitubio.

Aungame dhambi zipi?
Dhambi zote za mauti anazozikumbuka na asizokwisha kuungama.

Akiwa hana padri?
Afanye majuto makamilifu, na akusudie kuungama mara iwezekanapo.