SOMO LETU: KUTENGENEZA PICHA ZA HATI KWA AMRI ZA KOMPYUTA



Katika nyumba zetu nyingi limo sanduku la hati: karatasi za shamba, stakabadhi za mauzo ya karafuu, na picha za wazee. Mchwa na unyevu ndio maadui wa sanduku hilo. Wengi wenu mmekwisha kuzipiga picha karatasi hizo kwa simu au kwa skana, na hilo ni jambo jema. Lakini aghalabu picha hizo zimekwenda upande na hazina mpango. Leo tutajifunza kuzitengeneza.

Mtu aweza kuifungua picha moja moja na kuinyoosha kwa mkono. Kwa picha tatu si neno. Kwa mia tatu ni sawa na kuokota mpeta nyasini. Iko njia nyepesi zaidi, nayo ni dirisha la amri. Humo huandika maneno, na kompyuta huyatimiza kwa picha zote pamoja.

Programu tutakayoitumia ni ImageMagick. Ilianzishwa na John Cristy mwaka 1987 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya DuPont, Marekani, ikatolewa kwa watu wote mwaka 1990. Hailipiwi.

KWANZA. Piga skani kwa nukta 300 kwa kila inchi. Picha zipe majina 001.jpg, 002.jpg, na kuendelea. Ukiandika 2 na 10 tu, huenda kompyuta ikaitanguliza 10.

PILI. Fanya folda mbili: moja iite asili, ya pili kazi. Picha zote ziweke katika asili.

TATU. Andika amri hii katika mstari mmoja:

magick mogrify -path kazi -deskew 40% -colorspace Gray asili/*.jpg

Neno -deskew hunyoosha karatasi iliyokwenda upande. Maneno -colorspace Gray huondoa rangi; yaache ikiwa hati ina muhuri wa rangi. Nyota maana yake ni "zote".

Sasa sikilizeni khasa. Maneno -path kazi huiambia kompyuta iweke picha mpya katika folda ya kazi. Ukiyasahau, mogrify huandika juu ya picha ya asili, wala haikuulizi. Mimi mwenyewe niliyasahau. Nilitaka picha ndogo za kupeleka kwa simu, nikaandika -resize 200, na picha arubaini zikawa ndogo kama stampu. Miongoni mwao ilikuwamo hati ya shamba la marehemu ami yangu, ambayo karatasi yake ilikwisha kuliwa na mchwa. Mpaka leo watoto wake wanaijua mikarafuu yao, lakini maneno ya mpaka hayasomeki. Ukishaipunguza picha, yaliyopotea hayarudi.

NNE. Ukitaka maneno ya hati yawe maandishi ya kutafutika, tumia programu ya Tesseract pamoja na faili yake ya Kiswahili:

tesseract kazi/001.jpg 001 -l swa

Utapata faili 001.txt. Programu hii husoma maandishi ya chapa. Mwandiko wa mkono usiitumainie kuusoma, wala faili hiyo ya Kiswahili haisomi herufi za Kiarabu. Tarakimu zilinganishe na picha, kwani 3 ikisomwa 8, shamba limebadilika.

TANO. Kuzifunga kurasa pamoja kama kitabu, tumia programu ya img2pdf:

img2pdf kazi/*.jpg -o hati.pdf

Folda ya asili iwekeni mahali pawili mbalimbali, wala msiitie mkono tena. Na karatasi yenyewe msiitupe: picha ni msaidizi wa hati, si badala yake. Kama vile mkulima asivyoanika karafuu zake zote siku ya mawingu, nasi tusijaribu amri mpya kwa picha tusiyo na nakala yake.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Kwa nini tunaandika 002 badala ya 2?
2. Ni maneno gani katika amri ya tatu yanayoihifadhi picha ya asili?
3. Piga picha stakabadhi tano za nyumbani kwako, uzinyooshe kwa amri moja. Je, za asili zimebaki kama zilivyokuwa?