Maswali Tisa ya Kupima Sonona: Je, Yanapima Sonona Kweli?

Mkazi, ukienda kliniki huenda ukaulizwa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: umekosa hamu ya kufanya mambo? Umekata tamaa? Usingizi je? Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Dodoso hili huitwa PHQ-9. Lilichapishwa Marekani mwaka wa 2001. Kwa kawaida, anayepata alama 10 au zaidi huchunguzwa zaidi.

Kabla ya kuamini alama hizo, watafiti huuliza kuhusu uhalali wa kipimo. Hapa uhalali si mambo ya sheria. Maana yake ni kwamba kipimo kinapima kile kinachosemekana kinapima. Mizani ya mahindi inayozidisha kilo mbili kila siku ina uthabiti, maana haibadiliki, lakini mkulima na mnunuzi hawawezi kuitegemea.

Tazama maswali matatu kati ya hayo tisa: usingizi, uchovu na hamu ya chakula. Mgonjwa wa kifua kikuu asiye na huzuni yoyote anaweza kupata alama 9 kwa hayo matatu peke yake. Amebakisha moja tu! Ndiyo maana dodoso lilijaribiwa kwa watu wazima wanaoishi na virusi vya HIV magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009, na likaonekana kufaa.

Lugha nayo ina mitego. Wengi wetu hatusemi "nina sonona". Tunasema "nina mawazo mengi". Kwa hiyo mtu mmoja hutafsiri maswali, na mwingine ambaye hajaona ya kwanza huyarudisha katika lugha ya awali, kisha nakala mbili hulinganishwa.

Lakini swali gumu zaidi ni la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Nani atajibu "ndiyo" mama mkwe akiwa ameketi hapo kando? Tena kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Jibu la "hapana" lililotolewa kwa hofu huhesabiwa 0, sawa na la mtu aliye salama.

Mhudumu wa afya akikuuliza maswali haya, mwombe mzungumze faraghani. Mweleze pia ugonjwa ulio nao na dawa unazotumia. Na kama jibu lako kwa swali la tisa ni ndiyo, mwambie leo, hata kama jumla yako haijafika 10.