Damu ya mama itasema nini kuhusu mapafu yake?

*Daktari, mama yangu, miaka 61, amepikia kuni tangu utotoni. Ana ugonjwa sugu wa mapafu, na sasa ameagizwa kupima damu. Je, majibu yataonyesha mapafu yanachakaa kwa kasi gani? – Binti, Iringa*

Naelewa hofu yako, lakini damu peke yake haitakupa jibu hilo. Kasi hujulikana kwa spirometa: mama anavuta pumzi mpaka mwisho, anapuliza kwa nguvu zake zote, na baada ya miezi anarudia ili majibu yalinganishwe.

Damu inasaidia zaidi kuchagua dawa. Seli nyeupe ziitwazo eosinofili zikifika 300 kwa mikrolita, dawa ya kuvuta yenye steroidi, ikiongezwa kwenye zile za kupanua njia za hewa, huweza kupunguza vipindi vya kuzidiwa. Chini ya 100, haisaidii sana. Ila minyoo nayo huzipandisha seli hizo, kwa hiyo ombeni na kipimo cha choo.

Moshi ndio wa kushughulikia leo: mwingine apike, jiko litoke ndani. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, au midomo ikiwa ya bluu, mkimbizeni hospitali, hata usiku.