Faini au Jela: Namna ya Kuieleza Mahakama Uwezo Wako wa Kulipa

Hukumu nyingi za makosa madogo humalizika kwa maneno yanayofanana: mshtakiwa atalipa faini ya kiasi fulani, au atatumikia kifungo cha miezi kadhaa. Mwenye fedha husikia njia mbili. Asiyekuwa nazo husikia moja tu, hata kama hakimu hakukusudia hivyo.

Huenda msomaji akashangaa kukuta mada ya mahakama katika kijitabu cha watumiaji wa huduma. Tumeiingiza kwa sababu faini ya mtu mmoja hulipwa na kaya nzima. Mbuzi huuzwa, sare za shule huahirishwa, na mkopo wa riba kubwa huchukuliwa kwa haraka ya siku moja. Tena, palipo na malipo ya haraka, matapeli hawakosi.

Sheria yenyewe haikukusudia kumfilisi mtu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaelekeza kwamba pale ambapo kosa halikuwekewa kikomo cha faini, faini hiyo isipite kiasi. Lakini kiasi hupimwa kwa nini? Shilingi 300,000 kwa mwenye duka mjini Korogwe si sawa na shilingi 300,000 kwa mkulima wa Lutindi, kule juu milimani. Hakimu hawezi kuijua tofauti hiyo kwa kumtazama mtu usoni. Lazima aelezwe, na nafasi ya kumweleza ni fupi: ni pale baada ya kutiwa hatiani, kabla adhabu haijatamkwa, mshtakiwa anapoulizwa kama ana lolote la kusema.

Wengi hujibu kwa sentensi moja: “Naiomba mahakama inihurumie, nina familia inayonitegemea.” Maneno hayo ni ya kweli na ya heshima, lakini hayamsaidii hakimu kupanga kiwango. Karibu kila anayesimama mbele yake ana familia inayomtegemea. Tunashauri aliyetiwa hatiani aje na hesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Baba wa watoto watatu, mkazi wa Lutindi, ametiwa hatiani kwa shambulio lililotokana na ugomvi wa mpaka wa shamba. Kwa mwaka mzima huuza iliki kwa shilingi 480,000, ndizi kwa shilingi 780,000, na hupata shilingi 240,000 za vibarua. Jumla ni shilingi 1,500,000. Ukiishia hapo, faini ya 300,000 huonekana nyepesi. Sasa tuhesabu matumizi ya mwaka: chakula cha kununua, mafuta na sabuni, 780,000, mahitaji ya shule, 270,000, mbegu na mbolea, 180,000, dawa za mama yake mzazi, 150,000. Jumla ni 1,380,000. Kinachobaki ni shilingi 120,000, yaani 10,000 kwa mwezi. Faini ile ingemchukua miaka miwili na nusu kuimaliza, mradi asiugue mtu na mvua isikose.

Hesabu ifanywe kwa mwaka, wala si kwa mwezi wa mavuno. Mkulima akiulizwa anapata kiasi gani, hutaja fedha alizoshika mara ya mwisho, na mara nyingi hizo ni za msimu mzuri. Kosa jingine, ambalo tunaliona kuwa baya zaidi, ni kujifanya fukara kabisa. Anayesema hana hata senti moja huenda akaifanya mahakama ione kwamba faini ya aina yoyote haina maana kwake, na kinachofuata chaweza kuwa kifungo. Sema ukweli: unaweza kulipa kiasi gani, lini, na kutoka wapi. Mahakama inaweza kuombwa itoe muda, au iruhusu malipo kwa awamu. Ombi lenye tarehe na kiasi hueleweka kuliko ombi la huruma tupu.

Vielelezo si vigumu kupatikana, ila vitafutwe mapema, kwani siku ya hukumu hakuna nafasi ya kupanda mlima kurudi nyumbani. Barua ya mtendaji wa kijiji ieleze shamba, mifugo na wategemezi, si tabia njema peke yake. Stakabadhi za mauzo ya mazao, cheti cha matibabu cha mgonjwa na orodha ya mahitaji ya shule vina uzito. Kaya iliyoandikishwa katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini isisite kuonyesha uthibitisho wake, maana serikali yenyewe imekwisha kuipima hali yake.

Suala hili si la kwetu pekee. Finland tangu mwaka 1921 hutumia faini inayohesabiwa kwa siku: uzito wa kosa huamua idadi ya siku, na kipato cha mkosaji huamua thamani ya kila siku. Nchini Marekani, katika shauri la Bearden dhidi ya jimbo la Georgia la mwaka 1983, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba mtu asifungwe kwa kushindwa kulipa faini kabla mahakama haijachunguza kama alishindwa kwa kukosa au kwa kukaidi. Bwana Bearden alikuwa amekopa kwa wazazi wake akalipa sehemu, kisha akapoteza kazi. Hata hivyo, katika majimbo mengi ya nchi hiyo, anayeachwa nje ya gereza hutozwa ada za uangalizi, na mara nyingine ada za bangili ya kielektroniki anayovishwa mguuni, hivyo kwamba mbadala wa jela nao huwa deni.

Hapa Tanzania mbadala ulio muhimu kwa asiye na fedha ni amri ya huduma kwa jamii, chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2002. Inahusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, au ambayo mahakama inaona kifungo cha miaka mitatu au pungufu kinatosha. Mkosaji hubaki kwake na kufanya kazi ya umma bila ujira, kama vile kusafisha shule au zahanati, kupanda miti, au kutengeneza barabara. Afisa probesheni huchunguza mazingira yake na kuandika taarifa kwa mahakama. Kwa hiyo hesabu tuliyoieleza apewe na yeye pia. Akiivunja amri, mkosaji anaweza kurudishwa mahakamani na kupewa adhabu nyingine, pamoja na kifungo. Amri hii hailipiwi. Anayekuomba “ada ya fomu” au “fedha ya afisa” ili jina lako liingizwe anakuibia, na dhamana nayo ni vivyo hivyo: haki ya kuipata hainunuliwi.

Faini ikishaamuliwa, omba namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ulipe benki au kwa simu, na uhifadhi stakabadhi. Usimkabidhi mtu fedha taslimu mkononi, awe karani, askari au jirani anayejitolea kukusaidia. Ndugu wa aliyekwisha kupelekwa gerezani kwa kukosa faini wasikate tamaa: wakilipa yote, huachiwa, wakilipa sehemu, siku zake hupunguzwa kwa uwiano. Na kabla ya kuuza nyumba ya ndoa ili kupata fedha hizo, ikumbukwe kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi.

Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wanaruhusiwa kumwelekeza namna ya kuandaa maelezo haya. Asiyeridhika na adhabu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Aombe nakala ya hukumu siku ileile, kwa Kiswahili, aisome au asomewe kabla hajaondoka mahakamani.