MDONDO: ADUI WA KUKU WA MFANYAKAZI



Mshahara wa kiwandani au wa shambani mara nyingi haufiki mwisho wa mwezi. Ndiyo maana wengi wetu hufuga kuku nyuma ya nyumba za kambi. Kuku ni mboga, ni daftari za watoto, ni nauli ya kwenda hospitali. Mdondo ukiingia, akiba hiyo huweza kwisha kwa juma moja.

Kwa Kiswahili huitwa mdondo au kideri, na Malawi chitopa. Wataalamu huuita ugonjwa wa Newcastle, mji wa Uingereza ambako ulitambuliwa katika miaka ya 1920.

Dalili zake

Kuku huzubaa, hukataa chakula na hushusha mabawa. Huhema mdomo wazi na kuharisha kinyesi cha kijani. Wengine hupinda shingo au kupooza miguu. Kuku wasiochanjwa huweza kufa karibu wote.

Unavyoenea

Huletwa na kuku wageni kutoka sokoni, na pia na matenga, viatu, kinyesi, manyoya na matumbo ya kuku mgonjwa yaliyotupwa ovyo.

Dawa na kinga

Dawa ya kuuponya hakuna. Ugonjwa huu ni wa virusi, na vidonge vya antibiotiki haviui virusi. Tusipoteze fedha zetu huko. Kinga ni chanjo. Ile iitwayo I-2 hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, lakini iwekwe mahali pa baridi, mbali na jua. Hutiwa tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Tuwachanje kuku wakiwa wazima, kwani kinga huchukua kama wiki 2 kukomaa.

Chupa moja hutosha kuku wengi. Mmoja peke yake ataona ni ghali. Nyumba 20 zikichanga, kila moja hutoa kidogo. Tena kambi nzima ichanje siku moja, kwa sababu kuku wa jirani hawajui mpaka.

Ugonjwa ukiisha kuingia

Tuwatenge wagonjwa. Mizoga tusiile wala tusiitupe. Tuichome au tuifukie kwa kina, kisha tunawe mikono kwa sabuni. Tumwite bwana mifugo upesi, maana homa ya mafua ya ndege hufanana na mdondo, nayo huweza kumuua binadamu.

Tunajua kishawishi cha kuuza upesi kabla kuku hajafa. Lakini anayeuza kuku mgonjwa siku ya mshahara anampelekea mfanyakazi mwenzake hasara.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Kambi yetu ina kuku wangapi?
2. Nani atakusanya michango na kumwona bwana mifugo?
3. Tutachanja siku gani, na tutarudia lini?

Umoja ni nguvu.