Binti akienda ng'ambo, atapata nini?

Swali: Binti yangu, mwanafunzi hapa Rongo, anataka kwenda ng'ambo mwaka mmoja kwa mpango wa kubadilishana utamaduni. Kuna faida, au ni matembezi tu?

Jibu: Mama, ipo. Ndege aliyoiandaa mwanasiasa Tom Mboya, aliyezikwa hapo Rusinga, ilipeleka wanafunzi 81 Marekani mwaka 1959. Wangari Maathai alifuata 1960. Akisoma Pittsburgh, aliona wakazi wakipigania hewa safi katika mji wa viwanda. 1977 akaanzisha harakati ya kupanda miti, Green Belt Movement, nyumbani. Darasani pekee asingeyaona hayo. Kiingereza cha binti yako kitanyooka pia, ingawa hata Rongo kinanyooka. Ulizeni mapema nani analipa nauli na bima, na familia ipi itampokea. Wakala akidai pesa za kuharakisha viza, mkimbieni.